Mgeni mwenye bastola: tangazo, ukaguzi, sefu au mkataba? Ulinganisho kwa wenye gesti, baa na kumbi Dodoma

Bunge la bajeti likianza Aprili, vyumba vya Dodoma vinajaa na havipumui mpaka mwishoni mwa Juni. Wanakuja wabunge na madereva wao, wakandarasi wanaofuatilia malipo Mtumba kwenye mji wa serikali, mawakili wenye mashauri, wanunuzi wa alizeti, na wafanyabiashara wa ng'ombe wanaotembea na fedha taslimu kwa sababu mnadani ndivyo mambo yanavyokwenda. Baadhi yao wana bastola kiunoni, na leseni wanayo. Ukielekea magharibi, barabara ya Manyoni na Itigi inakupeleka Rungwa, Kizigo na Muhesi, mapori ya akiba yenye uwindaji halali, kwa hiyo mwenye gesti Manyoni hashangai kuona begi refu gumu likishushwa kwenye Land Cruiser. Na vijijini, Chemba na Kondoa, gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani si hadithi ya babu.

Kwa hiyo ukiwa na gesti, baa, ukumbi au nyumba za kupangisha huku kwetu, iko siku utaulizwa na mfanyakazi wako: bosi, huyu ana silaha, tumfanyeje? Ukisubiri siku hiyo ndipo uanze kufikiri, jibu litatolewa na kijana wa mapokezi, saa tano usiku, mbele ya mtu aliyekwisha kunywa.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa maeneo mengi ya kawaida, tangazo fupi, mfanyakazi anayejua la kusema, na kabati ambalo mgeni anajifungia mwenyewe vinatosha. Kumpokelea mgeni bastola yake pale mapokezini, jambo ambalo wengi huliona kama ukarimu, ndilo ninalolipinga kuliko yote, na nitalieleza kwa kirefu.

Haki ya kukataa inatoka wapi

Wapo wanaoamini kwamba mtu akishakuwa na leseni ya polisi, wewe mwenye eneo huna neno. Si kweli. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria. Ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni ya umma na Rais ni mdhamini. Wewe una hati ya miaka 33, 66 au 99. Lakini ndani ya muda huo eneo liko mikononi mwako, na nani aingie kwa masharti gani ni shauri lako, mradi husukumwi na ubaguzi wala huvunji sheria nyingine.

Upande wa silaha, sheria tunayoitumia ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Chini yake, kumiliki bunduki si haki ya kuzaliwa nayo. Ni ruhusa inayoombwa, inayochunguzwa na inayoweza kunyang'anywa. Leseni inamwambia mtu awe na silaha ile. Haimwambii aingie nayo kwako, kama vile leseni ya udereva isivyompa mtu haki ya kuegesha uani kwa jirani.

Meno yako yako kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, penye kosa la kuingia kwa jinai. Kosa hilo halimgusi tu aliyeingia kwa nia mbaya. Linamgusa pia aliyeingia vizuri, kisha akabaki isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi. Ndiyo maana neno lako la kumwomba atoke lazima liwe wazi na lisikiwe na watu wawili watatu. Mgeni aliyekaa na bastola yake kimya, ambaye hakuna aliyemwambia chochote, huwezi kesho yake kusema alikuwa mvamizi.

Askari aliye kazini humzuii. Mlinzi rasmi wa kiongozi naye humzuii mlangoni. Ugeni wa namna hiyo hupangwa mapema kwa simu kati ya meneja na ofisi ya mheshimiwa, na hapo ndipo unaposema eneo lako likoje, mlango wa nyuma uko wapi, na bodigadi atakaa wapi. Askari ambaye hayuko kazini, amekuja kunywa bia yake, huyo ni mgeni kama wageni wengine, japo busara inataka umwite pembeni badala ya kumsomea tangazo mbele za watu.

Mabango ya Marekani yasikupoteze

Ukitafuta mtandaoni mfano wa bango la kukataza silaha, karibu kila utakachokipata kimetoka Marekani, na kinabeba sheria ya huko. Inafaa kulinganisha, maana wenzetu wamebishana juu ya jambo hili mpaka kwenye ukubwa wa herufi.

Texas, ukinyamaza umeruhusu. Mwenye duka asiyetaka watu wenye leseni wanaobeba bastola iliyofichwa lazima abandike maneno ya kifungu cha 30.06 cha kanuni yao ya adhabu, na kwa bastola inayoonekana, maneno ya 30.07, kifungu kilichoanza kutumika Januari 2016 waliporuhusu kubeba wazi. Maneno yaandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa rangi zinazotofautiana, herufi zisipungue inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu hivi. Anayepuuza bango hutozwa faini isiyozidi dola 200; akiambiwa kwa mdomo atoke akagoma, kosa linapanda daraja kabisa. Kwa baa ambazo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake ni pombe inayonywewa pale pale, kuna bango lingine lenye namba 51 kubwa nyekundu.

Minnesota wamekwenda mbali zaidi: herufi za Arial, nyeusi, zisizopungua inchi moja na nusu, juu ya ubao usiopungua inchi za mraba 187. Baada ya masharti yote hayo, faini ya kosa la kwanza haizidi dola 25. Bei ya bango lenyewe inaweza kuwa kubwa kuliko faini.

New York na Hawaii waligeuza meza. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Bruen, Juni 23, 2022, kwamba raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake, majimbo hayo yalitunga sheria zinazosema ukinyamaza umekataza: mwenye silaha asiingie kwenye mali ya mtu mpaka mwenyewe aruhusu. New York walifanya hivyo mwaka huo huo, Hawaii mwaka 2023. Mahakama ya rufaa ikaizuia sheria ya New York kwa maeneo yaliyo wazi kwa umma, nyingine ikaiunga mkono ya Hawaii, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuusikiliza ubishi huo.

Kwetu swali halianzi hapo. Hatuna katiba inayompa raia haki ya kubeba bunduki, kwa hiyo mwenye eneo hashindani na haki ya mtu. Anaweka utaratibu wa nyumbani kwake. Huhitaji Arial wala inchi. Lakini pia huna kifungu kinachosema kupuuza bango lako pekee ni kosa. Ukichapisha lile la Texas lenye namba 30.06 ukalibandika Area C hapa Dodoma, umebandika pambo. Mwanasheria wa mgeni wako atacheka, na mgeni mwenyewe hatakuwa ameambiwa lolote kwa lugha anayoielewa.

Tangazo peke yake

Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, na si ya kudharau. Benki zetu zimetuzoesha: pale mlangoni kuna picha ya kofia ya pikipiki, miwani ya jua na bastola, zote zimekatwa kwa mstari mwekundu, na hakuna anayeona ametukanwa. Faida kubwa ya tangazo ni kwamba linamwondolea mfanyakazi mzigo wa kubuni. Haitakuwa tena dada wa mapokezi dhidi ya mheshimiwa. Ni utaratibu wa nyumba, umeandikwa, umemkuta kila mtu.

Udhaifu wake unajulikana. Linamzuia mtu mwaminifu, basi. Septemba 7, 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake, nje ya makazi yake Area D, mtaa wa viongozi. Watu wa namna ile hawasomi bango la mtu. Ukiweka tangazo, jua unashughulika na kundi lile kubwa na la kila siku: mtu mwenye leseni, asiye na nia mbaya, ambaye chupa ya nne au ugomvi wa kadi za harusi unaweza kumgeuza. Kwa kundi hilo linafanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Liwekwe kabla ya mlango, si baada yake. Nimeona mahali limetundikwa nyuma ya kaunta, juu ya friji ya soda. Mgeni akishafika pale amekwisha kuingia, na kumrudisha kunageuka aibu.

Kupekua mlangoni

Njia hii ina heshima yake kwenye shughuli kubwa: tamasha, mkutano wa chama, harusi ya watu 600. Bungeni na Mtumba watu wameizoea, wanavua mkanda bila kuambiwa mara mbili. Kwenye baa ya mtaa, ni hadithi nyingine.

Mlinzi wako si polisi. Anaweza kukagua kwa sababu mgeni amekubali kukaguliwa ili aingie. Asiyekubali haingii, yamekwisha. Hana ruhusa ya kumshika mtu kwa nguvu na kumpapasa kwa sababu tu anamshuku. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha na heshima ya mtu, na mpapaso wa kihuni ukirekodiwa kwa simu utakugharimu kuliko bastola ambayo haikupatikana. Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Kama huna mlinzi wa kike kwa zamu hiyo, tumia kifaa cha mkono cha kukagulia chuma na ukague mikoba tu, iliyofunguliwa na wenyewe.

Halafu kuna swali ambalo wengi hawalijibu kabla ya kununua kifaa: kikilia, mlinzi afanye nini? Mlinzi mwenye rungu na tochi, ambaye amegundua tu kwamba aliye mbele yake ana bastola, ameingia kwenye hali mbaya kuliko alipokuwa hajui. Jibu liwe limeandikwa: asiiguse, asiombe kuonyeshwa, aseme utaratibu, ampe mgeni njia ya kurudi nyuma bila kuzingirwa. Mgeni akionyesha ukali, mlinzi anapisha na simu inapigwa 112. Hakuna ujasiri unaolipwa pale.

Jambo dogo la pembeni: kama kampuni yako ya ulinzi inakupa mlinzi mwenye bunduki, basi silaha ya kwanza kwenye eneo lako ni yako. Omba kuona karatasi zake kabla hujaanza kuwazuia wengine.

Kati ya tangazo na ukaguzi, mizani yangu ni idadi ya watu na pombe. Chini ya watu mia, wanaofahamiana, ukaguzi unaleta karaha nyingi kuliko usalama. Zaidi ya hapo, na hasa penye tiketi ya kuuzwa mlangoni, tangazo peke yake ni kujidanganya.

Kumpokelea mgeni silaha yake

Hapa ndipo ninapotaka uketi.

Inaanza kwa nia njema. Mgeni anasema, dada, nitunzie hii, sitaki kulala nayo. Dada anasema sawa mzee, anaiweka kwenye droo pamoja na kitabu cha wageni na risiti za EFD. Kila mtu ameridhika. Tazama kilichotokea lakini.

Kwanza, leseni inataja mtu na inataja silaha. Haina nafasi ya dada wa mapokezi. Tangu bastola ilipotoka mkononi mwa mwenyewe na kuingia kwenye droo yako, iko kwa mtu asiye na leseni nayo, ndani ya biashara yako. Polisi wakija usiku huo kukagua kitabu cha wageni, jambo la kawaida kabisa kwenye gesti, wakavuta droo, maelezo yatatoka kwako, si kwa aliyelala chumba namba tisa.

Pili, hatari kubwa ya silaha kufyatuka kwa bahati mbaya iko pale inaposhikwashikwa: inapotolewa kwenye mfuko wake, magazini inapochomolewa, mtu anapovuta nyuma kuhakikisha hakuna risasi chemba. Ukiwa na utaratibu wa kupokea na kurudisha, umeongeza nyakati hizo mara mbili kwa kila mgeni, na umezileta penye watu wengi zaidi, mapokezini, mtoto wa mgeni mwingine akiwa anachezea kalamu yako.

Tatu, zamu. Aliyepokea jioni anaondoka saa mbili usiku, au anaondoka kabla. Mgeni ana treni ya SGR ya alfajiri au ana kikao. Anakuja kijana wa usiku, hajui chochote, anaambiwa nipe kitu changu. Anampa nani? Akikosea mtu? Na mgeni akisema risasi zilikuwa kumi na mbili na sasa ni kumi na moja, utabishana naye kwa ushahidi gani?

Hoteli kubwa yenye kitengo cha usalama, watu waliofunzwa, daftari maalumu na makubaliano ya maandishi na polisi inaweza kulibeba hili. Gesti ya vyumba kumi na viwili Chang'ombe haiwezi, na isijaribu. Mgeni anayetaka silaha yake itunzwe na mtu mwingine, aelekezwe kituo cha polisi akaulizie utunzaji huko. Hilo pia ni jibu la heshima, na linampima: mwenye karatasi safi hatalikwepa.

Onyo lile lile linamhusu dereva. Dodoma imezoeleka bosi kushuka kwenye gari, kumwachia dereva bastola kwenye kikasha cha mbele na kuingia kikaoni au kwenye nyama choma. Leseni ya bosi haimfuniki dereva. Kama mfanyakazi wako ndiye anayetoa wazo hilo, mheshimiwa, mwachie tu dereva, anampa mgeni ushauri mbaya kwa jina la nyumba yako.

Kabati ambalo ufunguo anabaki nao mwenyewe

Tofauti yake na njia iliyotangulia inaonekana ndogo, nayo ndiyo kila kitu. Silaha haibadilishi mikono. Mgeni anaingia chumbani, anafunga mlango, anaiweka mwenyewe kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, anaondoka na ufunguo au namba yake. Wewe hujaiona, hujaishika, hujaihesabu. Ulichotoa ni chuma.

Sefu za vyumbani za saizi ya kompyuta ndogo zinatosha bastola. Kitu cha kuangalia ni ufunguo mkuu. Sefu nyingi zina namna ya kufunguliwa na menejimenti mgeni akisahau namba, na kama namba hiyo ya siri iko kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la mapokezi (ipo, kaangalie), basi umerudi kwenye droo ya dada kwa njia ndefu. Ufunguo mkuu ushikwe na mtu mmoja. Sefu ifunguliwe mgeni mwenyewe akiwepo, na mtu wa pili akishuhudia, na iandikwe.

Kwa bunduki ndefu za wawindaji, sefu ya chumbani haifai kitu. Wenye gesti za Manyoni na Itigi wana njia mbili za kweli: kuweka kabati refu la chuma kwenye chumba kimoja na kukiuza chumba hicho kwa wawindaji tu, au kukubaliana na kampuni ya uwindaji kabla ya msimu kwamba silaha zitabaki chini ya watu wao wenye ruhusa. Kuziacha kwenye gari uani si mojawapo, hata gari likiwa na kamera juu yake. Kamera inakuonyesha kesho nani aliiba jana.

Udhaifu wa njia hii ni pesa, na kwamba haisaidii mahali ambapo mtu halali: baa, ukumbi, mgahawa. Kabati la pamoja lenye visanduku mlangoni mwa baa lingewezekana, lakini linaleta tena ule msongamano wa watu wanaotoa bastola mahali pa watu, na saa ya kurudishiwa ni saa ya kutoka baa. Sitaki kuiona hiyo.

Mkataba

Njia ya makaratasi. Inafaa mahali ambapo mtu anasaini kabla ya kutumia eneo: ukumbi, nyumba ya kupanga, fremu ya biashara, ofisi. Haizuii risasi, lakini inaamua nani analipa na nani anatoka baada ya kanuni kuvunjwa, na watu wazima wengi hutii walichosaini.

Sasa, kwa eneo lako

Baa na klabu: kataza kabisa, bila sefu, bila kutunza. Tangazo nje, mlinzi anayerudisha watu kwa adabu, na meneja mwenye namba ya mkuu wa kituo cha karibu. Mteja mmoja utampoteza, na wateja wanaokaa kwa raha kwa sababu hakuna bastola mezani utawapata. Ukionwa mwoga, vumilia.

Kumbi: mkataba ndio msingi, maana kamati ya harusi ndiyo inayowajua wageni wake, si wewe. Mfano wa kifungu: "Silaha ya moto haitaingizwa ukumbini wala kwenye maegesho, isipokuwa na askari aliye kazini. Kifungu hiki kikivunjwa, mwenye ukumbi anaweza kusimamisha shughuli na kubaki na amana." Mwenyekiti wa kamati atalalamika juu ya hiyo amana. Mwache alalamike, lakini kiwango kiwe cha kumuuma kidogo, si cha kumfilisi, la sivyo siku ikifika hutathubutu kukitekeleza. Kwa shughuli za tiketi ongeza ukaguzi.

Gesti na loji: sefu chumbani, tangazo mapokezini na kwenye mgahawa, na marufuku kamili ya mfanyakazi kushika. Nikilazimika kuchagua kitu kimoja cha kununulia fedha mwaka huu kwa gesti ya vyumba vichache, nachukua sefu tatu za vyumba vya juu kabla ya kifaa cha ukaguzi. Wanaobeba bastola hawachukui chumba cha bei ya chini.

Nyumba za kupangisha ndiyo sehemu ngumu. Ukishampangisha mtu, umempa umiliki wa muda wa chumba kile, na Sheria ya Ardhi inamlinda akae bila kubughudhiwa. Huwezi kuingia kupekua kabati lake kwa sababu umesikia tetesi. Hata Minnesota, pamoja na mabango yao, mwenye nyumba haruhusiwi kumzuia mpangaji wake wala mgeni wa mpangaji kuwa na silaha kihalali. Huku kwetu unaweza kuweka sharti kwenye mkataba mpya, na kwa maeneo ya pamoja, ua, ngazi, bomba la maji, unaweza kusema silaha isionekane. Kuliongeza katikati ya mkataba kwa ujumbe wa simu haifai; subiri kuhuisha. Kwa mpangaji mwenye leseni, mimi ningetaka tu ahadi ya maandishi kwamba ana mahali pa kuifungia, hasa ua ukiwa na watoto. Ni ombi ambalo mtu mzima hawezi kulikataa bila kujionyesha.

Ofisi, viwanda na karakana: kanuni za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu, kwa hiyo kanuni ambayo mfanyakazi hajawahi kuonyeshwa haitakusaidia mbele ya msuluhishi. Isomwe, isainiwe. Na itaje maegesho kwa jina. Huko Valliant, Oklahoma, mwaka 2002 wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi walifukuzwa baada ya bunduki kukutwa kwenye magari yao yaliyoegeshwa kazini. Mwaka 2004 jimbo likatunga sheria ya kumzuia mwajiri asikataze silaha iliyofungiwa ndani ya gari, na mahakama ya rufaa ikaiacha sheria hiyo isimame mwaka 2009. Majimbo mengi yakafuata. Mwajiri wa majimbo hayo amepoteza sauti juu ya silaha zilizo ndani ya magari kwenye maegesho yake mwenyewe. Wa Kizota, hapa Dodoma, bado anayo, lakini aseme, maana watu hudhani kanuni inaishia kwenye mlango wa jengo.

Nyumba za ibada sina la kuongeza: tangazo, na mzee mmoja wa kanisa au msikiti wa kumvuta mtu pembeni.

Maneno yenyewe

Tangazo la Kiswahili, fupi, lenye picha kwa ajili ya mwindaji asiyejua lugha: "Silaha za moto haziruhusiwi kuingia baa, mgahawa na ukumbi. Mgeni wa chumba mwenye leseni atumie sefu ya chumbani. Wafanyakazi hawaruhusiwi kupokea silaha. Menejimenti." Usitaje vifungu vya sheria usivyovijua.

Na la kusema kwa mdomo, lifanyiwe mazoezi na kila zamu, kwa sauti ya chini, mfanyakazi akiwa amesimama upande, si mbele ya mgeni: "Shikamoo mzee. Samahani, utaratibu wetu silaha haziingii huku. Chumbani kwako kuna sefu, ufunguo unabaki nao wewe mwenyewe. Nikusindikize?" Kwa asiyelala hapo: "Tutafurahi ukirudi bila hiyo, meza yako tunakushikia." Asiulize ni ya aina gani. Asiombe leseni, kukagua leseni ni kazi ya polisi. Akikataa, mfanyakazi anasema mara ya pili mbele ya mwenzake, kwa maneno yale yale, kisha anaondoka pale na kwenda kwenye simu.